Aliomba msamaha, wazee wakayamaliza, mbona mimi bado silali?

BARUA

Mshauri, pole na kazi.

Nina miaka 36, ni fundi cherehani hapa Morogoro. Nimeolewa kanisani, mwaka huu ni wa kumi na mbili, na tuna watoto wawili: wa kike ana miaka 11 na wa kiume ana miaka minne. Mume wangu ni opereta wa greda kwenye kampuni ya ujenzi wa barabara. Maisha yetu ndiyo hayo, anakaa saiti miezi mitatu, anarudi wiki mbili, anaondoka tena. Kituo chake cha mwisho kilikuwa Kahama.

Oktoba mwaka jana alikuwa nyumbani likizo. Ijumaa moja jioni simu yake ilikuwa inachajiwa jikoni, ukaingia ujumbe kutoka kwa mtu aliyeandikwa "Fundi Gesi": "Mbona leo hujatuma, au mama watoto yupo karibu?" Niliusoma mara tatu. Nikapandisha ujumbe wa nyuma, nikaona kila Ijumaa ametuma shilingi 30,000. Nilipomuuliza alikataa, usiku akakubali. Akasema ni mama lishe wa karibu na saiti, na ni miezi mitatu tu, na kwamba wameonana mara ya mwisho Septemba.

Wiki ile ile nilienda kupima VVU, nikaambiwa niko salama. Novemba wazee wa pande zote mbili walikaa, wasimamizi wetu wa ndoa wakawepo. Mume wangu alipiga magoti, akamnunulia mama yangu kitenge na mbuzi. Wakasema yamekwisha, nisiyafukue. Mama mkwe akasema mwanawe alilishwa limbwata. Desemba tukarudiana kama mke na mume, bila kinga, kwa sababu nilijiambia nimesamehe.

Februari nikamwomba achukue taarifa ya miamala kutoka mtandao wake wa simu. Nikahesabu miamala 92 kwenda kwa Fundi Gesi. Karibu miaka miwili! Huyu mtoto wangu wa mwisho alikuwa bado ananyonya.

Tangu hapo mimi si mimi. Naamka saa tisa usiku kila siku, moyo unadunda kama nimekimbia. Ijumaa siwezi kushona, nakata vitambaa vya wateja vibaya. Mlio wa ujumbe ukilia, hata wa simu ya jirani, tumbo linakata. Nilikuwa na kilo 68, sasa nina 59. Napekua simu yake mara kumi, mara kumi na tano kwa siku. Mwanzoni alinipa namba ya siri, Machi akaibadilisha, anasema amechoka kuishi kama mwizi. Sasa namtuma binti yetu achungulie baba anaongea na nani. Najua si vizuri. Juzi nilimrushia mume wangu sahani mbele ya watoto. Yeye husema, "Nimeshaomba msamaha, unataka nini tena?" na mimi kweli sijui nataka nini. Wakati mwingine natamani nilale nisiamke.

Sasa kampuni inamtaka arudi Kahama, kituo kile kile, kuanzia Julai mosi kwa miezi tisa. Dada yangu anasema niondoke na watoto kabla hajaondoka yeye. Mama anasema nivumilie, ndoa ndiyo hizo. Mimi najiuliza kama ningejitunza baada ya kujifungua haya yangetokea. Je, nimwache aende? Na nina tatizo gani mpaka msamaha wangu haushiki?

Nisiyelala, Morogoro

JIBU

Dada mpendwa,

Nianze na sentensi uliyoiandika haraka ukapita, kwamba wakati mwingine unatamani ulale usiamke. Watu wengi waliochoka kwa maumivu husema hivyo wakimaanisha wanataka kupumzika. Lakini wazo hilo likianza kuja kila siku, au likaanza kuwa na namna na mahali, usisubiri kesho. Siku hiyo hiyo nenda hospitali ya rufaa ya mkoa, waambie mapokezi unataka kuonana na wa afya ya akili, na usiende peke yako. Kwa sasa, dawa za kuzidi mahitaji na sumu ya panya visikae ndani kwako, mtu unayemwamini akuwekee. Na umweleze mtu huyo sababu kwa maneno yako mwenyewe.

Umeuliza mambo mawili. La Kahama umeliweka mbele kwa sababu lina tarehe. La pili umeliuliza kama mtu anayeona aibu: nina tatizo gani? Nitaanza na hilo la pili, kwa sababu mtu ambaye hajalala vizuri kwa miezi kadhaa hapaswi kuamua la kwanza.

Unayoyaeleza, kuamka saa ile ile, moyo kudunda, tumbo kukata ukisikia mlio wa simu, kazi kuharibika siku moja maalumu ya wiki, ni dalili za mshtuko. Zinafanana sana na za mtu aliyenusurika ajalini akawa hawezi tena kusikia breki za gari. Ubongo ulipoona ule ujumbe ulichukua kila kilichokuwa karibu, siku ya Ijumaa, mlio, jikoni, ukavihifadhi vyote kama alama za hatari. Sasa unakuamsha ili ukulinde, hata pasipokuwa na kitu. Wivu hauhusiki hapo, wala upungufu wa imani. Na miezi saba tangu Oktoba si mingi. Kwa wanandoa wanaoamua kubaki pamoja, mwaka mmoja hadi miwili ni muda wa kawaida kabla usiku haujawa usiku tena, na wengine huchukua zaidi.

Ila nadhani hesabu yako haianzii Oktoba. Inaanzia Februari. Oktoba uliambiwa miezi mitatu, ukalia kwa ajili ya miezi mitatu, ukasamehe miezi mitatu. Februari ukagundua kwamba kosa ulilosamehe silo lililotendeka, kosa lilikuwa jingine kabisa, la miamala 92. Kukiri kwa mafungu ndiko kunakoharibu zaidi katika mambo haya. Kila fungu jipya linafuta msamaha uliotangulia na kuuacha moyo na somo moja: bado kuna kitu. Ndiyo maana unapekua. Kwa hiyo unaposema msamaha wako haushiki, naomba nikuulize: ulisamehe kitu gani hasa, na je, ulikuwa umeonyeshwa chote?

Kikao cha wazee kilifanya kazi yake. Kilimaliza aibu kati ya koo mbili, mbuzi akaliwa. Lakini soma tena ulivyokieleza: kila mtu alisema jambo, na hakuna mahali ulipoulizwa swali wala kuruhusiwa kuuliza. "Usiyafukue" ni neno la kulinda heshima ya familia, na linaeleweka. Ukilifuata wewe ndani ya chumba chako, maana yake ubebe maswali yote peke yako na uyaite msamaha.

Kuhusu limbwata, sitaki kumvunjia heshima mama mkwe. Niseme tu kwamba aliyeandika "Fundi Gesi" kwenye simu alikuwa na akili timamu za kuficha. Maelezo yoyote yanayomwondolea mumeo uamuzi wake yanakuachia wewe hofu, kwa kuwa kitu kilichomwingia bila yeye kutaka kinaweza kumwingia tena. Na ile hoja ya kutojitunza baada ya kujifungua inafanya kosa lile lile kwa upande wako. Kunaweza kuwa na mambo ndani ya ndoa yenu, umbali, upweke, mazungumzo yaliyokauka, na ikifika siku mtayaangalia wote wawili. Lakini mtu mpweke ana njia nyingi: kulalamika, kuomba kubadilishiwa kituo, kuja kwa mshauri. Hii aliichagua mwenyewe. Mbona unajitwisha?

Sasa mwili. Kipimo chako cha Oktoba hakitoshi, na hili ni la wiki hii. Kipimo cha haraka cha vituo vyetu hutafuta kingamwili, na mwili unaweza kuchukua wiki kadhaa kuzitengeneza. Ndiyo sababu hurudiwa miezi mitatu baada ya siku ya mwisho ya hatari. Wewe ulipima mapema mno, halafu Desemba mkarudiana bila kinga na mtu ambaye hujasema kama naye alipima. Nendeni wote wawili. Kwenye vituo vya serikali ni bure, na mnaweza kuomba kupewa ushauri na majibu mkiwa pamoja. Vipo pia vipimo vya kujipima mwenyewe, ila kikionyesha una maambukizi lazima kithibitishwe kituoni. Majibu yakiwa hivyo, dawa hutolewa bila malipo na mtu huishi umri wake. Ombeni na kipimo cha kaswende na cha homa ya ini aina ya B. Wewe mweleze mhudumu kwamba mumeo alikuwa na mwanamke mwingine, hata kama huna dalili, kwa sababu kisonono na klamidia kwa mwanamke mara nyingi hukaa kimya huku vikiharibu mirija ya uzazi. Mpaka majibu yatoke, kondomu. Akikataa kupima au akikasirikia kondomu, umepata taarifa ambayo pekuapekua haikukupa.

Hizo kilo tisa zilizopotea mweleze daktari siku hiyo hiyo, pamoja na usingizi. Asikupe vidonge vya usingizi tu na kukuruhusu, mwambie chanzo. Nyumbani, ukiamka saa tisa usilale hapo ukipambana na picha kichwani. Zikipita kama dakika 20 toka kitandani, kaa sebuleni na mwanga mdogo, vuta pumzi kwa kuhesabu nne na uitoe kwa kuhesabu sita, mara kumi. Pumzi ndefu ya kutoa ndiyo inayoushusha moyo, hivyo ukiikatisha haraka haitasaidia. Picha zikikuvamia ukiwa kwenye cherehani, taja kwa sauti vitu vitano unavyoviona, vinne unavyovigusa, vitatu unavyovisikia. Inaonekana mchezo wa watoto, lakini huurudisha ubongo dukani kutoka kule jikoni, Oktoba ile. Na Ijumaa, kwa miezi miwili hii, usikate kitambaa cha mteja. Ifanye siku ya kupiga pasi, kushona vifungo, kununua nyuzi. Chai ya rangi nzito na kahawa ziishie saa nane mchana. Simu zote, yako na yake, zilale sebuleni.

Tuje kwenye lile swali la mumeo: unataka nini tena? Umeandika hujui. Kwa ninavyoisoma barua yako, unataka ukweli mzima mara moja, kisha usiongezeke. Hilo linaweza kufanyika, ila si saa tisa usiku wala mbele ya watoto.

Tafuteni mtu wa tatu asiye wa ukoo wowote. Ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri ina maofisa wanaoshughulikia migogoro ya ndoa. Hospitali ina washauri. Kanisani anaweza kuwapo mchungaji au padri aliyesomea ushauri. Muulizeni kwanza kama anaweza kusikiliza bila kuharakisha upatanisho. Kabla ya kikao andika maswali yako yote, hata hamsini. Siku inayofuata yasome tena na kalamu mkononi. Yanayohusu muda, pesa, afya, nani alijua, kama kuna mtoto au mimba, kama bado wanawasiliana, yabakize. Yanayohusu kitandani, alivyo na walivyofanya, jiulize jibu lake utalipeleka wapi. Wanaoyauliza mara nyingi hujikuta wana picha mpya za kuwaamsha usiku. Mumeo naye aandike mtiririko wake, mwezi kwa mwezi, akitumia ile taarifa ya miamala ili kumbukumbu isimpe kisingizio. Kikao kisizidi saa moja, watoto wawe kwa shangazi, na usiku huo usipange jambo lingine lolote.

Kinachoharibu hapa ni hiki: mwanamume huogopa kwamba akisema yote utaondoka, kwa hiyo hubakiza kidogo. Mshauri amwambie wazi mbele yako kwamba kinachobakizwa kikija kugundulika ndicho kitakachovunja. Nawe usiahidi kubaki ili aseme. Ahidi kusikiliza tu.

Baada ya hapo tengeni nusu saa mara mbili kwa wiki, tuseme Jumatano na Jumapili, ya kuuliza na kujibu. Swali likija Jumatatu liandike kwenye daftari. Mara nyingi litakapofika Jumatano utalifuta mwenyewe. Sauti zikipanda na moyo kuanza kwenda mbio, yeyote anaweza kusema tupumzike, lakini anayesema hivyo ndiye ataje saa ya kurudi, nusu saa au saa moja, na arudi. Asiporudi, huko ni kukimbia. Ile sahani ni ishara kwamba mapumziko yalihitajika dakika kumi kabla yake; hata anayeumia hapaswi kurusha kitu, na watoto wameona.

Kuhusu simu, nyote mna hoja. Kubadilisha namba ya siri mwezi mmoja tu baada ya miamala 92 kuonekana ni kosa kubwa la wakati, na asipoliona mweleze kwa maneno hayo. Lakini angalia pia kupekua kunakupa nini. Ukikuta hakuna kitu unatulia dakika chache, kisha unawaza labda amefuta. Wengi huelewana hivi: kwa miezi mitatu simu iko wazi, mnaiangalia pamoja kwa saa mliyopanga, mara moja kwa siku, baadaye mara mbili kwa wiki, na namba ya yule mwanamke inafungiwa ukiona. Yeye akipigiwa au akiandikiwa, anakuambia siku hiyo hiyo kabla hujauliza. Hilo la kuambiwa kabla hujauliza hujenga kuliko namba ya siri. Hatari yake ni wewe kubaki askari na yeye mfungwa. Ndiyo sababu muda uwe na mwisho unaojulikana.

Sasa Kahama. Akienda peke yake, mshahara unaendelea na duka lako linabaki, lakini anarudi kwenye mgahawa ule ule huku wewe ukiwa na Ijumaa 39 mbele yako. Wanaochagua njia hii huweka masharti yanayoweza kupimwa: alale kambini na si chumba cha kupanga, simu ya video kwa saa maalumu, mapato yote yapite kwenye akaunti unayoiona, na arudi kila wiki nne au sita badala ya miezi mitatu. Piga hesabu ya nauli ya treni mpaka Dodoma na basi la kwenda mbele kabla ya kukubali ratiba, kwani ahadi nyingi za kurudi huvunjwa na nauli. Kabla ya chochote aulize ofisini kama kuna kituo kingine. Barua yako haisemi kama ameuliza, na mtu anayetengeneza huanza hapo.

Mkienda wote, unapunguza umbali ila unaacha wateja, dada, shule ya binti katikati ya mwaka, na unahamia mji ambao kila mama lishe utamtazama mara mbili. Akiiacha kazi, mtalala nyumba moja, lakini njaa ikiingia unaweza kusikia "wewe ndiye uliyeniponza". Kama ni hivyo, uamuzi uwe wake, autamke mbele ya mshauri, na mjue mtaishi kwa kutegemea nini miezi sita ya kwanza.

Na kuondoka, alikoshauri dada. Kutengana kwa muda wenye tarehe, kila mmoja akijua nani analea lini na nani analipa nini, huwapa wengine nafasi ya kulala na kufikiri. Kuondoka usiku kwa hasira huwa na gharama nyingine. Kama siku moja utafikiria talaka, Sheria ya Ndoa ya 1971 hutaka kwa kawaida shauri lipite kwanza kwenye baraza la usuluhishi la ndoa, na uzinzi huweza kutolewa kama ushahidi kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi. Na tangu hukumu ya Mahakama ya Rufani ya mwaka 1983 katika shauri la Bi Hawa Mohamed, kazi za nyumbani nazo huhesabiwa kama mchango katika mali. Nayasema haya usiogopeshwe na maneno ya kwamba utatoka mikono mitupu. Weka nakala za hati na risiti mahali salama hata kama unabaki.

Sikuchagulii. Ila ungeweza kumwomba mumeo, na kampuni yake, jibu lisitolewe kabla vipimo na kikao cha ukweli havijafanyika. Kuna wiki za kutosha mpaka Julai. Anachofanya katika wiki hizo kitakueleza mengi kuliko magoti ya Novemba.

Binti yako anajua kuna kitu. Ana miaka 11 na ameona sahani ikiruka. Mkae naye, mkiweza wote wawili, mumwambie: mama na baba tuna jambo gumu la watu wazima, halikusababishwa na wewe, tunapata msaada, na sahani haitarushwa tena. Asielezwe la mwanamke. Akiuliza kama mtaachana, mwambieni kweli, kwamba hamjui bado na mkijua mtamwambia. Na umwombe radhi, wewe kama mama, kwa kumtuma kuchungulia simu ya baba yake. Mwambie hiyo kazi haipo tena.